Wagonjwa Nyumbani kwa Bubu

"Nataka kujua ni nani anaingia nyumbani na kuhamisha watu wangu!"

Ndivyo Torika alivyonisalimia asubuhi ile, nywele timutimu, mkono kiunoni, mimi nimeinamia kikaango nachoma roti, zile chapati nyembamba, za kwenda kuuza mbele ya hospitali. Nikamjibu kwamba nyumba ni yangu, naingia nitakavyo, na kama kuna watu amewaleta bila kuniambia, basi mwenye haki ya kufoka ni mimi.

"Siyo nyumba hii, Shangazi."

"Kumbe unayo nyingine? Mbona hujatukaribisha?"

"Yule mzee wa machozi ya chungwa nilimwacha mlangoni," akasema, kama hakunisikia. "Siku zote namkuta mlangoni. Leo nimemkuta ndani, ameketi mkekani, kapewa na chai. Machozi hana. Kuna mtu amemfuta. Shangazi, kuna mtu anawahamisha, na si mimi."

Nikazima jiko. Mtoto wa kaka yangu alikuwa halali vizuri tangu afeli mtihani wa mwaka, hilo nililijua. Lakini kutoka kukosa usingizi mpaka kutafuta mzee wa machozi ya chungwa jikoni kwangu ni safari ndefu, na sikuona ameifunga lini mizigo.

Torika ni binti wa kaka yangu Aminiasi, wa kijiji chetu cha Vunibua, kisiwani Gau. Alikuja kwangu Raiwaqa, hapa Suva, mji mkuu wa Fiji, alipoingia chuo cha udaktari, kwa sababu bweni lina kelele na kwangu kuna chakula. Kichwa anacho, ila kichwa chenyewe hakishiki maneno. Mwambie neno, litateleza. Mwonyeshe sura, atakuwa nayo mpaka uzeeni. Akiwa mdogo hakuweza kukariri aya moja ya Jumapili, mwalimu akamsimamisha mbele ya kanisa akabaki anatafuna kidole. Lakini umuulize Pasaka iliyopita nani alivaa nini, atakutajia kila mwanamke, na gauni lipi liliazimwa kwa nani.

Sasa udaktari ni maneno. Maneno marefu, tena mengine nahisi yalitungwa na watu waliokuwa na hasira. Mwaka wa kwanza Torika alipita kwa kusukumwa. Wa pili, dada mmoja wa darasa la mbele akamwonyesha njia. Chukua nyumba unayoijua kuliko zote. Ugonjwa ugeuze mtu. Dalili zake na dawa zake zigeuze vituko, vya kuchekesha au vya kutisha, ili visisahaulike. Mtu huyo umweke mahali pake ndani ya nyumba. Ukitaka kukumbuka, fumba macho, ingia, pita, kila mmoja atakuwa anakungoja na vituko vyake.

Kwa Torika ilikuwa kama mtu aliyekuwa akila kwa kijiti kapewa kijiko. Mzee wa machozi alikuwa kifua kikuu. Machozi yake yana rangi ya chungwa kwa sababu dawa ya kwanza hugeuza maji yote ya mwili rangi hiyo. Amekanyaga makaa wala hasikii, maana dawa ya pili hutia nyayo ganzi. Kidole gumba cha mguu kimevimba kama kiazi, hiyo ndiyo ya tatu. Na mkononi ana vitambaa viwili, anamuuliza kila apitaye kipi chekundu na kipi kijani, kwa kuwa dawa ya nne huchezea macho. Alikuwapo pia mtu wa manjano mwenye macho mekundu, panya amelala mapajani, anajikanda misuli ya miguu na kulia: homa ya panya. Alikuwapo msichana ambaye mikono yake inacheza ngoma bila yeye kutaka: ile homa ya koo ambayo haikutibiwa ikashukia moyo. Na wengine wengi. Aliponisimulia mara ya kwanza nilicheka mpaka nikaunguza roti. Nikasema, huu sasa ndio ukoo.

Mtihani wa mwaka akafeli hata hivyo. Sitamtetea. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, alifariki Aprili, wiki ya majaribio, Torika hakwenda maziko, akabaki anasoma. Tangu hapo akawa anasoma kama mtu anayechota maji kwa ungo. Chuo kikampa nafasi moja ya kurudia. Moja tu. Akianguka tena, ufadhili wa serikali unakatika na yeye anapanda boti kurudi Gau kupanda magimbi pamoja na baba yake, ambaye alishatangaza kijiji kizima kwamba ana daktari.

Kwa hiyo niliposikia wagonjwa wanahama, sikucheka tena.

Mchana wa siku ile akaja Pranita, rafiki yake wa darasani, binti mfupi mwenye sauti ya mnadani, ambaye yeye husoma kwa kadi alizoziandika pande zote mbili. Wakakaa mezani kwangu, mimi namenya mihogo, Pranita akawa anauliza.

"Haya. Homa ya panya. Dalili."

Torika akafumba macho. Tukangoja.

"Torika?"

"Nimemwona. Yuko jikoni, anakuna nazi."

"Sijakuuliza yuko wapi. Ana nini?"

"Hana kitu."

"Vipi hana kitu? Macho yake?"

"Meupe. Ngozi safi. Panya simwoni." Akafumbua macho, midomo imemkauka. "Amepona, Pranita."

"Amepona!" Pranita akapiga meza kadi zikaruka. "Dada, mtihani unataka mgonjwa! Aliyepona anatusaidia nini sisi? Mrudishe awe mgonjwa!"

"Nimejaribu. Nampaka umanjano, nikirudi amefutwa. Wote wanafutwa. Wanalishwa. Wana mafuta mwilini, wananukia nazi. Juzi yule msichana mikono imetulia kabisa, alikuwa anasuka mkeka." Akanigeukia. "Na huwa nasikia mtu anatembea nyuma ya pazia. Miguu mizito. Anaburuta. Huyo sijui ni nani, sikumweka mimi."

Kisu kilinisimama mkononi. Nikamuuliza jambo ambalo muda wote ule sikuwahi kumuuliza, nilidhani ni chuo, au kanisa, au nyumba ya kubuni tu.

"Torika, hiyo nyumba ni ipi?"

Akatazama meza.

"Ni ya Bubu," akasema.

Nitaeleza kidogo. Bubu ni nyanya yake, ni mama yangu. Nyumba ya mama yangu ilikuwa ya mbao na bati, mikeka chini ukuta kwa ukuta, milango miwili. Wa chini ni wa kila mtu. Wa juu, upande wa bahari, ni wa wazee wa nyumba, mtoto hapiti hapo hata mvua ikinyesha mawe. Nyuma ya pazia la gome la mti lililopigwa chapa ndipo kitanda chake kilipokuwa. Nasema ilikuwa, kwa sababu kimbunga kiliichukua. Hakikuacha hata nguzo. Mama akahamia kwa kaka yangu, kwenye chumba cha matofali ambacho hakukipenda, alisema kinanuka duka, akafia humo humo. Nyumba ile haipo popote duniani. Ipo kichwani mwa watu wachache, na kichwa kinachoikumbuka sawasawa, kila msumari, kila doa la moshi, ni cha Torika.

"Umeweka wagonjwa," nikasema taratibu, "ndani ya nyumba ya mama yangu."

"Ndiyo nyumba ninayoijua, Shangazi."

"Umeweka panya."

"Ni picha tu."

"Na kaswende? Kaswende umeiweka wapi?"

Pranita akaanza kukusanya kadi zake.

"Karibu na ngazi," Torika akanong'ona.

"Mungu wangu! Mwenye kaswende kwenye ngazi ya mama yangu, shemasi wa kanisa!" Nilitupa muhogo ndani ya sufuria maji yakaturukia sote. "Na unaingiaje humo? Mlango gani?"

"Wa juu. Mpangilio unakaa vizuri nikianzia juu."

"Unapita vipi?"

"Napita tu. Haraka, maana wako wengi."

"Wima?"

Akaitikia kwa kichwa. Kwetu mtu hapiti wima mbele ya waliokaa. Unainama, unasema tilou, unaomba radhi kwa kuwa juu yao, na ukitaka kuchukua kitu kilicho juu ya vichwa vyao unaomba kwanza na ukishakichukua unachuchumaa na kupiga makofi ya viganja vilivyokunjwa. Mtoto wa miaka minne anajua. Na huyu, aliyelelewa ndani ya mikeka ile ile, alikuwa kila siku anaingia kwa mlango wa wazee, wima kama polisi, anakwapua dawa alizozitundika darini, anatoka.

"Wewe unauliza nani anawahamisha," nikamwambia. "Umemletea mama yangu wageni nyumba tele, umewaacha mlangoni na ngazini bila kuwatambulisha, wanalia, wanavuja, hawajala. Ulitaka afanye nini? Awaangalie? Mama yangu hata mkusanya kodi alimpa magimbi!"

"Bubu amekufa, Shangazi."

"Hilo mwambie yeye."

Sikusema kwa kutisha. Lilinitoka. Lakini Pranita alisimama akasema mama yake anamngoja, akaondoka na kadi zimepinduka, na Torika alibaki ameshika ukingo wa meza kana kwamba nyumba inaelea.

Siku zilizofuata hakufumba macho kabisa. Alijaribu kusoma kama watu wengine, kwa kurudia maneno kwa sauti, na maneno yakateleza kama kawaida yao. Nikimpa chakula anakitazama. Nikiwa nasafisha sakafu nikaburuta ndoo, anaruka. "Nini?" "Nimedhani ni ile miguu." Nikaanza na mimi kuinua ndoo.

Jumapili baada ya kanisa ndipo akasema. Nilikuwa nafunga majani ya magimbi na tui la nazi, yeye amekaa kizingitini amenipa mgongo, na nadhani alichagua mgongo makusudi.

"Shangazi, nilikudanganya. Yule wa nyuma ya pazia nilimweka mimi."

Nikaendelea kufunga.

"Krismasi nilipokwenda nyumbani, miguu ya Bubu ilikuwa imevimba. Nikabonyeza hapa," akagusa ugoko wake, "kidole kikaacha shimo. Shimo halikurudi. Bubu akacheka, akasema umenichimbia kisima. Alikuwa analala amekaa, mito mitatu, anasema akilala chini anazama."

"Sote tulimwona. Tulisema uzee."

"Ninyi hamkufundishwa. Mimi nilifundishwa Februari. Mwalimu alisimama mbele akataja: miguu inavimba, kidole kinaacha shimo, mgonjwa hawezi kulala chali, mshipa wa shingo umesimama. Moyo unashindwa kusukuma damu. Na unajua nilifikiri nini, Shangazi? Sikufikiri, Bubu. Nilifikiri, ah, hii nzuri, picha ninayo tayari. Nikamchukua jinsi alivyokuwa, na mito yake, na kile kisima, nikamweka nyuma ya pazia. Nikavuta pazia, nikaenda ugonjwa unaofuata. Kila siku nilikuwa nampitia. Kila siku nalifungua pazia, nahesabu dalili, nafunga. Na yeye alikuwa hai bado! Simu ninayo mfukoni! Boti ya kumleta hapa ilikuwepo kila wiki!"

Sina cha kuandika juu ya nilichohisi. Mama ni wangu. Nilitaka kumpiga kwa kile kifungu cha majani, na nilitaka kumkumbatia, nikafanya lile la tatu: nikanawa mikono.

"Sasa hanipokei," Torika akasema. "Nikifungua pazia amenipa kisogo. Nimeitafuta sura yake hata nje ya ile nyumba. Krismasi zote, siku zote alizonibeba. Sina sura nyingine. Nina miguu tu."

Hapo nikaelewa kwamba mtihani ulikuwa kitu kimoja na hili kitu kingine, na kwamba vyote viwili vimefungiwa nyumba moja.

"Simama," nikamwambia. "Tunakwenda kuwatoa."

"Kuwatoa wapi?"

"Wagonjwa. Mama yangu amesimama kwa miguu ile mibovu tangu Aprili anawapikia wageni wako, na hawezi kukaa kwa sababu hajawahi kukaa mtu hajala. Watoe. Walete hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwangu! Kuna jiko, kuna friji, kuna choo, kuna yale makabati mabovu. Wapange unavyotaka. Mimi siwapi chai, mimi siwafuti mtu machozi, wakae na magonjwa yao mpaka umalize mtihani. Mwenye kaswende akae nje."

Alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyelia. Halafu akapiga magoti kwenye sakafu yangu, akafumba macho, na mimi nikakaa mbele yake. Nilimwambia aingie kwa mlango wa chini. Nikamwona mabega yakishuka, kichwa kikiinama. "Tilou," akasema. "Tilou, Bubu. Tilou." Alisogea kwa magoti kweli kweli, juu ya vigae vyangu, mkono mmoja mbele, mpaka akagota kwenye friji. Akaketi. Akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, yale mazito.

"Mwambie umekuja kuchukua wageni wako."

Akamwambia, kwa maneno ya heshima, ya kikwetu. Majani niliyokuwa nimeshayabandika jikoni yalianza kuchemka na kufurika na sikuinuka.

"Shangazi," akasema bila kufumbua macho, sauti ya mtoto. "Anauliza kama wameshiba."

Nywele zilinisimama mpaka kisogoni. Sauti ilikuwa ya Torika, maneno yalikuwa ya mama. Hakuna mtu aliyewahi kutoka nyumbani kwake bila swali lile.

"Sema ndiyo," nikajibu. "Sema wanashukuru."

Wakatoka mmoja mmoja. Kila aliyetoka alimwinamia, Torika akinitajia jina lake na vituko vyake, na nilisema aende wapi. Mzee wa machozi nikamkalisha juu ya ndoo, na mara tu alipovuka kizingiti, Torika akasema, machozi yalirudi, rangi ile ile. Mtu wa manjano akakaa juu ya friji na panya wake. Msichana wa mikono nikamweka dirishani, apunge watu. Jua liliingia mlangoni likaondoka, tulikuwa bado tunahamisha.

Nilipoona wamekwisha nikamuuliza, "Na yeye?"

"Yuko nyuma ya pazia. Nimemwomba radhi. Nimesema nimekuja kuichukua ile miguu, nisiione tena, nimpe ya zamani." Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye macho yaliyofumbwa. "Anasema miguu ni yake, ameshaizoea."

"Sura?"

"Hapana. Kisogo tu. Lakini amekaa, Shangazi. Amekaa chini."

"Basi toka. Kinyumenyume. Usimpe mgongo."

Akatoka. Tangu siku ile hakuingia tena, mpaka leo hajaingia.

Ugonjwa mmoja tu ulibaki hauna mtu, ule wa moyo kushindwa. Nikamwambia anibandike mimi, unene ninao, mito ninayo, miguu ikisimama mbele ya roti jioni inavimba yenyewe. Alikataa kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake. "Simfanyi mtu wangu picha tena," akasema. Pranita, aliporudi baada ya kuhakikishiwa kwamba ni salama, akamwandikia kadi ya ugonjwa huo. Torika akaisoma asubuhi na jioni. Ikateleza asubuhi na jioni. Wengine wote aliwajibu kwa kutazama jikoni kwangu, hata Pranita akaanza kukwepa kukaa karibu na friji. Huo mmoja hapana.

Siku ya mtihani wa vitendo huo huo ndio uliomwangukia, bila shaka. Alinisimulia jioni yake, na Pranita, aliyekuwa kwenye kundi hilo hilo, akanithibitishia, kwa hiyo siongezi chumvi. Walimu wawili wenye makoti, na kitandani mwanamke mzee kutoka Rewa, amekaa wima, mito nyuma, shuka imefunika miguu. Torika alijua habari ya miguu ile kabla shuka haijafunuliwa. Akasimama hapo kichwa kitupu. Kadi haikuja. Ile nyumba ilikuwepo, akasema, mlango wa chini uko wazi, pazia analiona, angeweza kuingia akahesabu kama zamani. Hakuingia.

"Endelea, binti," mwalimu akasema. "Muda unakwenda."

Torika akainama. Mbele ya makoti yale akainama mpaka chini, akasema tilou, akapiga goti pembeni ya kitanda ili kichwa chake kiwe chini ya kile cha mgonjwa. Mwalimu mmoja aliinua nyusi. Yule bibi akamgeukia akamwambia, "Inuka mwanangu, utachafua gauni." Torika akamuuliza analalaje. Akamuuliza mito mingapi, tangu lini, kama akilala anazama. Akamwomba aguse miguu. Akabonyeza, akaondoa kidole, akatazama shimo lililobaki, na hapo, akasema, hakuona mtu mwingine. Alimwona yule bibi wa Rewa, na chale yake ya kisigino, na rangi ya kucha iliyobanduka, na jinsi alivyokuwa anaogopa. Akataja yote, moja baada ya jingine, kwa kuyaona pale yalipo. Mshipa wa shingo. Maji chini ya mapafu. Ini. Hakuna hata moja lililotoka kichwani.

Dawa walipomuuliza alikwama, akakosea kipimo cha moja. Halafu mwalimu akauliza, "Kwa mgonjwa huyu, jambo la kwanza utafanya nini?" Jibu lao lilikuwa la dawa. Torika akasema, "Nitawapigia simu watoto wake leo hii." Pranita anasema wale wawili walitazamana. Alama za swali hilo hawakumpa.

Amepita. Kwa alama ambazo singemtangazia mtu, lakini Aminiasi ameshazitangaza Vunibua, tena ameziongeza. Wagonjwa bado wako kwangu, maana kuna mwaka wa tatu, wa nne na kuendelea, na kila muhula wanaongezeka. Nimezoea. Nikifungua friji nainama kidogo. Mara moja moja, nikiwa peke yangu, nasikia mtu juu yake anajikanda miguu na kuguna, na nimeshajikuta nikichukua kikombe nataka kummiminia chai. Nakirudisha. Nilisema siwapi.

Jumamosi ya juzi nimekaa sebuleni nakunja nguo, Torika akaingia kwa mlango wa nyuma. Hakupita wima. Alikuja kwa magoti tangu kizingitini, amekumbatia mkeka wa majani ya mkadi uliokunjwa, mpya, wenye nyuzi za sufu nyekundu na kijani pembeni, akauweka mbele yangu, akarudi nyuma akaketi mwisho kabisa wa chumba, palipo pa chini. Nikaweka nguo pembeni. Nilijua ni nini. Kwetu mtu akifa, ndugu wote huja na mkeka au kitambaa au mafuta ya taa, ndilo busu la mwisho la kumuaga marehemu, na asiyekuja nalo hubaki hajaaga. Mikeka ya mama ilishagawanywa zamani. Wa Torika haukuwepo.

Akapiga makofi. Akasema maneno yote, na mtoto huyu asiyeshika maneno hakuacha hata moja. Kwamba amekuja na kitu kidogo sana. Kwamba alichelewa. Kwamba alikuwa njiani tangu Aprili na njia ilikuwa ndefu. Kwamba anauweka mbele ya nyumba ya Bubu, na kwa kuwa nyumba haipo, anauweka mbele ya binti yake.

Nikauvuta mkeka kwangu. Pembe moja imelegea, na aliyeusuka alikuwa na haraka ya kwenda mahali. Nilimwambia hivyo baadaye, si wakati ule. Wakati ule niliugusa kwa mikono miwili, nikapiga makofi, nikajibu kwa niaba ya mama yangu, na ya kaka yangu, na ya wote waliolala Vunibua, kwamba umepokelewa, umetosha, huna deni nasi.